Mbuzi wa Mtani

Hiza, Mzigua wa Handeni, alijenga hoteli ya chai pale Manundu, Korogwe, zamani za Mwingereza: kuta za udongo, mabenchi mawili, birika jeusi. Kilichobaki ni leseni. Kama angeikosa hadi mwisho wa mwezi, angebomoa kibanda na kurudi kwao kuchekwa. Maombi yake yalikuwa mezani kwa karani Dunstan, Msambaa mkavu asiyepokea hata kipande cha muwa.

Wiki hiyohiyo karani akafiwa na baba yake, kijijini Mkumbara.

Wazigua na Wasambaa ni watani, na mtani hakosi msibani. Hiza akapanda lori akiwa na mbuzi. Valerian, aliyekuwa na hoteli pekee ya mtaa ule na hakutaka ya pili, akapanda lori hilohilo.

"Mbuzi mzuri," alisema. "Naona kabeba leseni shingoni. Bwana Shauri atapenda kusikia."

Bwana Shauri alikuwa Mzungu wa wilaya, mkubwa wa Dunstan. Kwenda mikono mitupu ni aibu. Kwenda na mbuzi ni rushwa.

Makaburini, shimo lilipokuwa tayari, akaruka ndani na kulala chali.

"Toka, mtani!" watu wakapiga kelele.

"Sitoki! Kitanda kizuri hiki. Msambaa alete shilingi tano, au mnizike mimi, mzee arudi nyumbani kula!"

Dunstan, machozi yakiwa bado mashavuni, alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akatoa shilingi tano mbele ya wote. Hiza akapanda juu, akajipangusa vumbi, akamkabidhi mjane mbuzi.

Siku chache baadaye Bwana Shauri, akiwa na barua ya mashtaka ya Valerian mkononi, aliwaita wote watatu.

"Valerian, mwombaji alimpa karani fedha?"

"Hapana, Bwana. Karani ndiye aliyempa mwombaji."

"Ya nini?"

"Ili atoke kaburini, Bwana."

Bwana Shauri akaweka kalamu chini. "Na mbuzi?"

"Aliliwa na waliofika msibani."

"Wote?"

Valerian akakohoa. "Mimi nilipata mchuzi tu."

"Na paja," akasema Hiza.

Bwana Shauri akaisaini leseni mwenyewe.

Hoteli ilipofunguliwa, Dunstan alikunywa chai, akafuta midomo, akaelekea mlangoni bila kulipa.

"We Msambaa!" Hiza akamwita. "Leo kafa nani? Lete senti kumi."