Ivano Kwenye Jukwaa

Ivano Bertazzoli alicheza kiungo mkabaji ujana wake wote. Kazi yake ilikuwa kumpokonya mtu mpira na kumpa mwenzake aliyejua kuutumia. Mabao alifunga mawili, moja likiwa la kujifunga. Magoti yalipogoma akawa kocha, akazunguka vilabu vidogo vya bonde la Mto Po, kaskazini mwa Italia, mwishowe akapewa timu ya mji wao, Castelrozzo. Siku hiyo mama yake, Bi Argia, alipika tambi zilizojazwa boga, chakula cha sikukuu, ingawa haikuwa Krismasi.

Mwezi Novemba rais wa klabu, Malagutti mwenye kiwanda cha soseji, alimtimua. Si jambo la ajabu. Kocha mpya akiboronga, huitwa tena yule wa zamani, maana mkataba wake bado uko hai. Basi Ivano akawa anasubiri timu ya kwao ifungwe. Aliona aibu, lakini alisubiri. Kila mechi ya nyumbani alikwenda jukwaani, na kila alipokwenda, walifungwa.

Mji uliliona hilo kabla yake. Akipita, wanaume wanagusa chuma kujikinga na mkosi: funguo, nguzo ya taa, chochote kilicho karibu. Asubuhi ya mechi ya mwisho, ambayo wasiposhinda wanashuka daraja, Fausto mwenye baa alimwekea kahawa huku mkono wa pili umeshika chuma cha mashine ya kahawa.

"Kocha, sisemi una mkosi."

"Sema tu."

"Una mkosi. Leo kaa nyumbani."

"Tukishuka, Malagutti ananirudisha kazini. Kaniambia mwenyewe."

"Haya, nenda. Na sisi tutajua ulifuata nini uwanjani."

Alikwenda. Viti vya pembeni yake vilibaki vitupu. Zikiwa zimesalia dakika chache, bado ilikuwa sare tasa. Bi Argia, aliyekaa safu ya mbele yake, alisema bila kugeuka:

"Ivano, toka."

"Mama, hata wewe?"

"Mimi siamini upuuzi huo. Toka."

Pale chini nahodha Denis, kiungo mkabaji kama yeye, alikuwa amebanwa na misuli, na bado anaufukuzia mpira kwa mguu mmoja. Ivano alimtazama, roho ikamuuma. Akasimama, akatoka.

Alikuwa kwenye maegesho ya magari uwanja ulipolipuka kwa kelele. Aliruka, magoti na yote, akapiga kelele peke yake na machozi yakamtoka. Alifurahi kwelikweli. Halafu akakumbuka kwamba hana kazi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Malagutti alitoka mbio, akambusu mashavu yote mawili.

"Ivano, msimu ujao nakutaka."

"Benchi la ufundi?"

"Jukwaani. Utakwenda kuwatazama wapinzani wetu kila Jumapili. Usifanye chochote, kaa tu."

Ivano alitoa kalamu mfukoni. Kisha akauliza aanze na timu gani.