Mama wa Viyeyushi

Kwa miaka ishirini na sita, mama huyu alikuwa fundi wa maabara ya kemia chuoni, na kazi yake kubwa ilikuwa kukausha vimiminika. Kimiminika kikavu! Watu walicheka, naye alishazoea. Lakini viyeyushi, vile vimiminika ambavyo wanakemia huyeyushia vitu vyao, havikutakiwa kubaki na hata tone la maji. Mumewe, fundi cherehani, aliwaambia majirani kwamba mkewe huosha chupa. Mama hakujisumbua kumsahihisha.

Mwaka ule kulikuwa na binti aliyesomea shahada ya uzamivu ya kemia. Alikuwa akiunganisha metali adimu iitwayo rodi na molekuli za kaboni, na kila jaribio liliishia kuwa tope jeusi. Asubuhi moja mama alimkuta ameinamia sinki, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, umeyeyushia nini safari hii?"

Binti akataja viyeyushi vitatu.

"Vyote hivyo vinaidandia metali yako. Haipumui! Umewahi kujaribu difluorobenzini?"

"Sijawahi hata kuigusa, mama."

"Ni benzini iliyobeba atomi mbili za florini. Inayeyusha vizuri, ila metali inaigusa kwa mbali tu. Profesa aliyestaafu alikuwa akiipenda sana. Chupa yake ninayo, lakini usiitie mkono kwanza. Nipe siku tatu."

Siku ya kwanza aliiacha ikae na unga wa kunyonya maji. Siku ya pili akaichemsha polepole ndani ya gesi ya nitrojeni, hewa isiiguse, na kukusanya mvuke wake uliopoa. Ya tatu akaigandisha na kuitoa hewa, mara tatu, kwa kuwa mara mbili hazikumridhisha.

Wiki iliyofuata binti alikuja mbio, bila hata hodi. "Mama! Njoo uone!" Nyuma ya kioo cha sanduku la glavu, lile lisiloingiza hewa, ndani ya kichupa, zilikaa fuwele za manjano, safi, kubwa kama punje za mchele. Mama alizitazama mpaka kioo kikaingia ukungu kwa pumzi yake.

Makala ya binti kuhusu fuwele hizo ilipochapishwa, jina la mama lilikuwa la tatu kati ya waandishi.

"Jina langu la nini? Mimi nimekausha tu," alilalamika.

"Basi lifute wewe," binti akamjibu, akimkumbatia.

Nyumbani aliiweka makala juu ya meza ya kukatia vitambaa, akajifanya ana shughuli jikoni. Mumewe alivaa miwani. Hakuambulia kitu katika maneno yale, lakini jina alilijua. Akapitisha kidole juu yake, herufi kwa herufi.

"Kumbe huoshi chupa."

"Naosha pia."

Mzee akavua miwani. Kisha akachukua futi yake ya kupimia shingoni, akasimama.

"Hebu inua mikono. Koti lako la kazini linakupwaya mabegani. Nimeliona miaka yote hii, nikakaa kimya."

Mama akainua mikono, akicheka huku macho yamejaa, naye akampima taratibu, akirudia bega moja mara mbili.