Safu Iliyopata Moto

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mto Lualaba, na Mama Victorine Onema amechuchumaa uani kwake mtaani Alunguli, akifukia safu za kuuza kwenye jivu la moto. Ni matunda ya ukubwa wa yai, ngozi yake ya zambarau iliyokolea.

Wauzaji wengine huyachemsha. Yeye hataki kusikia.

"Maji inakunywa mafuta yake," anasema. "Jivu inaibembeleza."

Wateja huzila kwa chumvi na kipande cha muhogo.

"Ukikula tatu unasahau nyama," anatania Isidore, dereva wa pikipiki.

"Unasahau na kulipa, baba!" anamjibu Mama Victorine.

Mtu mmoja tu hagusi safu hapa: Claudine, binti wa mwisho wa Mama Victorine, aliyejifungua majuzi. Amekonda, na maziwa hayamtoshi mtoto. Muuguzi alimshauri ale vyenye mafuta. Mawese yanamtapisha, samaki ni wa bahati.

Wakati wa vita, Claudine akiwa na miaka minne, familia ilikimbilia msitu wa upande wa Pangi. Baba yake alifia huko. Kuwasha moto hakukuwezekana. Moshi ungewaonyesha walipo. Walikula safu mbichi, ngumu kama gome.

"Safu njo ilituponyesha," anasema Mama Victorine. "Basi akikataa, nilizani anakumbuka baba yake. Sikumuuliza."

Leo mtoto analia tangu alfajiri, na uvumilivu wa bibi unamwishia.

"Claudine, mutoto anyonye nini, upepo? Safu ilikukosea nini?"

"Mama, ile kitu iko kali. Inashika koo."

Mama Victorine anaacha kijiti chake cha kuchochea jivu. "Kali? Weye! Haujakula yenye kupata moto?"

Claudine anatikisa kichwa. Tangu msituni hajaionja tena.

Mama anafukua moja, anaipasua, ananyunyiza chumvi. Nyama yake imelainika, inang'aa mafuta.

"Lamba tu. Ikikushinda, tupia kuku."

Claudine analamba. Anauma. Anatafuna polepole, uso umekunjamana, kisha unakunjuka.

"Kumbe njo hivi iko?"

Kabla hajameza, mkono wake umeshaingia kwenye sahani ya wateja. Kuku wanasubiri bure.

Mama Victorine anaokota kokwa, analipangusa kwa kitenge. Anajua msafu, mti wa safu, huchukua miaka kuzaa, na mwingine hutoka dume, usizae kitu. Hata hivyo atalipanda nyumbani kwa binti yake.

"Nyuma ya jiko," anasema. "Karibu na moto."