Nani Atanawa wa Kwanza

Huku kwetu Lubumbashi mwanamke akinenepa, watu humpongeza mumewe. Wangu amepongezwa miaka mingi, mpaka magoti yangu yakagoma. Sukari ikapanda, pumzi ikawa inabaki nyuma nikipanda ngazi za kanisa, na dokta akasema hana dawa nyingine ya kunipa, ila tumbo lipunguzwe kwa kisu. Akanichorea kwenye karatasi tumbo nililo nalo, halafu lile nitakalobaki nalo, jembamba, limepinda kama ndizi. Nikaitazama ile ndizi nikacheka. Kisha nikalia hapo hapo mbele yake.

Kisu sikukiogopa. Nimezaa watoto wangu wote kwa kupasuliwa, na kila mara nilirudi kwenye cherehani yangu. Niliogopa kushindwa. Nilishashindwa na ndimu ya maji moto, nikashindwa na majani ya sokoni yanayochemshwa, nikashindwa na kutembea alfajiri pamoja na wamama wenzangu wa parokia. Na kila nilichoshindwa, mtaa wote ulikijua. Muuza makaa wa kona yetu mpaka leo ananiamkia, "Mama, habari ya ndimu?" Mimi ni mshonaji, kwa hiyo kila nilipopungua kidogo nilibana nguo zangu kwa furaha, na kila mara nilizifumua tena mwenyewe, mlango umefungwa. Ndimu ikinishinda nitasema ndimu ilikuwa mbaya. Kisu je? Baada ya kisu hakuna kingine cha kujaribu.

Dokta naye hakunipa maneno matamu. "Mama, mi nitakata tumbo," alisema, "mukono sitakata. Mukono ni ya kwako." Akanieleza kwamba mtu akirudia kula kama zamani, hata ile ndizi hutanuka polepole, na mwili hurudi ulikotoka. Na kabla ya yote nilitakiwa kukaa wiki mbili kwa supu, maziwa na uji mwepesi, ini linywee, madaktari wapate nafasi ya kufanya kazi. Mizani isiposhuka, hakuna operesheni. Nilitoka pale nikiwa nimeshashindwa moyoni, na hata supu yenyewe sijainunua.

Nilimwambia mume wangu na mama yangu, basi. Mama anakaa Kambove, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Nilimweleza kwenye simu kwamba ninaingia kwenye njaa ya kuamriwa na dokta, naye akaja na basi la asubuhi amebeba unga wa mahindi, samaki wa chumvi na kuku wawili wazima. Ndiye mama yangu huyo. Alipoteremsha mizigo alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala.

"Banakata tumbo ya muntu muzima, juu ya nini? Nani alikuambia uko munene? Uko muntu tu."

"Mama, magoti."

"Magoti tutapaka mafuta."

Ili uelewe yaliyofuata, ujue kwanza jinsi tulivyolelewa. Nyumbani kwetu bukari, ndiyo ugali wetu, ililiwa kwenye sahani moja, kwa mkono, na sheria ilikuwa moja tu: mtoto hanawi kabla ya mama. Mkono wa mama ukiwa bado sahanini, wa kwako nao unabaki. Kuondoka mapema ni kumwambia mpishi kwamba chakula chake hakikukufaa, na zaidi ya hapo ni kumwacha mama yako ale peke yake kama mtu asiye na watu. Dada zangu walipoolewa na kuhama, mimi niliendelea na sheria hiyo. Kila alipokuja kunitembelea tulikaa wawili na sahani yetu katikati, tukila na kuongea mpaka inakwisha. Hiyo ndiyo raha yangu kubwa duniani, sifichi.

Basi siku moja adhuhuri, mume wangu akiwa kazini mgodini, mama alisonga bukari kwenye mbabula, jiko letu la makaa, uani, maana umeme ulikuwa umekwenda zake. Akapika sombe, kisamvu chetu, na wale samaki wake wa chumvi. Mimi nilikuwa na kikombe changu cha supu, chepesi kama maji ya kuoshea mchele. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Mimi hizo mbivu ndizo zilizonifikisha pale. Nilikaa kando yake kwa sababu sikuweza kumwacha, nikashika kikombe kwa mikono yote miwili isije ikafanya safari.

Mama akamega. Akala matonge machache, madogo, kisha akavuta bakuli la maji akanawa.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Bukari yote ingali hapa."

"Njo vile nakulaka. Tangu zamani."

Nikamwambia si kweli, mimi nimekula naye maisha yangu yote na mkono wake hautoki sahanini mpaka mwisho. Akajifuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, taratibu, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Nilikuwa nakungojea we," alisema. "Mama akiondoa mukono, mutoto anasikia haya, anaacha kukula na njaa iko. Ile wakati reli haikukuwa inalipa baba yako, nilikuwa nageuza tu tonge mu vidole, muone mama angali anakula, mujue chakula iko. Nikazoea. Hata leo, nikikuona unamega, najisemea mutoto yangu hajashiba, ningoje."

Niliweka kikombe chini. "Mama," nikasema, "na mi nilikuwa nakungojea we. Sikutaka ukule peke yako."

Mama alianza kucheka, akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka, na mimi nikacheka naye huku machozi yananitoka. Nilikasirika pia, nisiseme uongo. Miaka yote ile nilijiita mlafi mbele ya kioo, kumbe tulikuwa wawili tunaheshimiana na bukari ndiyo inakwisha katikati yetu. Nilimpenda siku ile mpaka kifua kikauma.

Hofu haikuondoka. Ila sasa nilijua inakaa wapi. Ulafi sijui ningeushindaje, lakini kungojana kunaweza kukoma, mradi mmoja aanze. Nilimaliza zile wiki za supu kwa kununa na kugombana na kila mtu, mume wangu akawa anakula kwa dada yake, na mizani ikashuka.

Asubuhi ya operesheni, pale kliniki, muuguzi aliuliza nani nyumbani atasimamia chakula changu. Mume wangu alifungua mdomo, mama akamtangulia.

"Mi. Mi njo nilimufundisha kukula." Akanigeukia, akaninyooshea mashuka kama vile bado nalala kwake. "Nitanawa wa kwanza. Ukiona nimenawa, na we nawa. Haitakuwa kosa ya adabu."

Nikawaambia wauguzi wanisukume tu, twende.

Bukari niliruhusiwa baadaye sana, mama akiwa amesharudi kwake, naye akaja siku hiyo makusudi. Alipika ile ile sombe, na samaki wale wale wa chumvi. Nilimega kitonge cha ukubwa wa ncha ya kidole, nikakitafuna mpaka kikawa maji, kisha kingine. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenda tena, wenyewe, bila kuniuliza. Mama akavuta bakuli akanawa.

Alikuwa ametoka Kambove alfajiri, hajatia kitu mdomoni. Namjua mama yangu. Hakuwa ameshiba.

Nikanawa na mimi. Akabeba sahani akaenda nayo uani, na muda si mrefu nikamsikia anakwangua ukoko wa sufuria, polepole, asisikike. Nikakaa kwenye cherehani yangu nikaanza kushona kwa nguvu, apate kula bila wasiwasi.