Mhojiwa wa Kumi na Saba

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwenye kibanda changu cha vitenge hapa Tunduma, mteja akishika kitambaa haondoki mikono mitupu, awe wa huku au wa upande wa Zambia. Nadhani ndiyo maana watu wa utafiti walipotafuta wadadisi wa kuhoji watu, wanaojua Kinamwanga cha huku kwetu, jirani alininyooshea mimi kidole. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya wazazi wanakataa binti zao kuchomwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ile wanayopewa wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na minne. Wakatufundisha siku tatu. Usibishane na mhojiwa, usimcheke, usimwambie unachofikiri wewe. Hilo la mwisho lilinifaa sana, maana nilichokuwa nafikiri mimi sikutaka mtu akijue.

Binti yangu hakuwa amechanjwa. Siku wauguzi walipokwenda shuleni kwao nilimwambia abaki nyumbani, nikamwandikia mwalimu wake kwamba anaumwa tumbo. Dada yangu aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amenipigia simu kuniambia kuwa sindano ile inafunga kizazi. Haya, chekeni. Lakini mimi nilikaa kwa mume miaka minane bila mtoto, mawifi wakinisema jikoni nami nasikia, ndipo nikampata huyo mmoja. Likitajwa neno kizazi, akili zangu zote zinahama. Na sasa mtoto alikuwa amebakiza wiki mbili tu atimize miaka kumi na mitano, atoke kwenye umri wa kuchanjwa. Nilikuwa naziombea hizo wiki mbili zipite haraka, nipumzike.

Basi nikatumwa kijijini Ndalambo na kishikwambi chenye dodoso ndani yake. Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mmoja mnene anayelea wajukuu wawili wa kike. Nilimkuta mkekani na rundo la karanga. Nyumba ile haina mgeni wa kukaa bure. Kabla sijamaliza kusalimia nilikuwa nimeshawekewa ungo mapajani. Nikabangua. Kila nikigusa kishikwambi, vidole vimejaa vumbi la maganda, kioo hakinitambui. Mwalimu alinitazama nikihangaika, akakichukua, akavaa miwani yake, akasema yeye atasoma, mimi niendelee na karanga. Nikashukuru, nikijua atasoma na kujijibu mwenyewe.

Wapi! Alisoma swali la kwanza kwa sauti ya darasani, kisha akanitazama akingoja jibu langu. Nikamweleza kwa adabu kwamba anayejibu ni yeye. Akasema wajukuu zake wote wawili wameshachomwa, kwake hakuna cha kutafiti, hebu tumsikie huyu aliyetoka mjini.

Ningeweza kudanganya, biashara imenifundisha. Lakini mikono ikishikwa na kazi, mdomo wangu unajiendea wenyewe. Nikajibu la kwanza, nikajibu la pili, nikafika kwenye tumbo la uongo, kwa dada wa Nakonde, kwa mawifi, mpaka machozi yakadondokea karanga za watu. Yeye anabofya tu. Hakubishana, hakunicheka, hakuniambia anachofikiri. Yaani alinizidi kazi niliyofundishwa siku tatu.

Mwishoni aliniambia jambo moja, kwamba mama wa wale wajukuu, binti yake, alifariki kwa saratani hiyo hiyo. Alilisema kwa utulivu huku akisogeza rundo la karanga upande wangu. Kisha akasoma swali lililobaki.

"Je, mtoto mwenyewe aliulizwa?"

Swali hilo nilikuwa nimeshawauliza watu kumi na sita bila hata kulisikia.

Nilirudi Tunduma na mfuko wa karanga na aibu yangu. Binti yangu alikuwa anachambua mchicha. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, yeye alitaka nini siku ile ya wauguzi. Hakuinua hata uso.

"Mama, siku ile aliyeumwa tumbo ulikuwa wewe. Mimi nilitaka kwenda."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaogopa tena palepale. Sitawadanganya kwamba hofu iliisha. Kesho yake asubuhi nilikwenda nayo zahanati, mimi na binti yangu. Muuguzi nilimuuliza habari ya kizazi mara tatu, naye mara tatu akanijibu kwamba chanjo hiyo haikigusi, inakilinda. Mtoto akatoa bega. Mimi ndiye niliyefumba macho na kumbana mkono, hadi muuguzi akauliza leo anachanjwa nani.

Tukiwa njiani kurudi, simu ikaita. Msimamizi wetu, kijana mpole, alikuwa anapitia majibu ya Ndalambo na mhojiwa wa kumi na saba alikuwa anamchanganya. Amehojiwa Ndalambo, lakini anaishi Tunduma, anauza vitenge, ana dada Nakonde. Nikamwambia ukweli wote, nikijua kazi huenda imekwisha. Akauliza kama amfute huyo mama aliyekataa.

Nikamtazama binti yangu, anatembea mbele yangu akijishika bega na kujidai.

"Mfute," nikamwambia. "Huyo mama hayupo tena."