Korongo, Kamera na Mama Mkwe

Enzi za Mwingereza mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la kahawa karibu na Usa River. Mzungu wake alipofunga virago kurudi kwao alimwachia kamera ya sanduku, na tangu siku hiyo nikawa mke mwenza wa ndege. Kila Jumapili baada ya ibada, wenzake wakienda kunywa pombe, yeye alishuka kwenye kinamasi chini ya Makumira, akajifunika majani ya mgomba na kuvizia korongo. Filamu moja ilitoa picha nane. Ya kwanza aliyoipeleka dukani kusafishwa, saba zilikuwa matete matupu, na ya nane kidole chake mwenyewe.

Mimi nilitaka picha moja tu, ya mama yangu. Baba alifariki bila kupigwa picha, na sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Jambo hilo liliniuma sana. Lakini mama hakukubali kwenda kwa mpiga picha wa mjini, eti hana haja ya mwanamume wa kumkodolea macho. Na mwenye kamera nyumbani hakuweza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu alimjua mama kwa sauti na kisogo.

Jumapili moja nilimpelekea chai kinamasini, nikiwa nimevimba kwa hasira. Alikuwa amebakiza picha moja. Korongo wawili wakatua, wakaanza kucheza, naye akaacha hata kupumua. Ndipo mama akatokea kwenye matete na mundu wake, maana ng'ombe hajui Jumapili. Akasimama mbele yetu kabisa, akanyoosha mgongo.

"Piga!" nikamnong'oneza.

"Una wazimu? Huyo ni mama!" Alikwisha kugeuza uso.

"Basi fumba macho."

"Na korongo wangu?"

"Watarudi Jumapili ijayo. Piga!"

Akafumba. Nikamshika mabega, nikamgeuza kama mtu anayesogeza kabati, naye akabonyeza. Korongo wakaruka. Mama akainua mundu.

"Nani huko?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Majani ya mgomba yakapiga chafya.

Mama akatugeuzia kisogo upesi. "Mwambie huyo peke yako atoke majini, ataugua kifua. Hajambo lakini?"

"Hajambo, mama," nikajibu, ingawa alikuwa kwenye maji mpaka magotini, karibu alie kwa ajili ya ndege wake.

Picha ilipotoka, mama alikuwa ameinama kidogo upande, mundu mkononi, uso ameukunja kwa jua, na nyuma ya bega lake bawa moja la korongo. Nililia palepale dukani. Nyumbani nilimfunika mama kwa kiganja, nikamwonyesha mume wangu lile bawa.

"Kumbe katoka!" akasema, na furaha yake haikuwa na mfano.

Nikaitundika sebuleni. Tangu hapo mume wangu alikula akiwa ameupa ukuta mgongo, na wageni wakadhani tumegombana.

Miaka ikapita, mama akafariki. Matanga yalipokwisha, wazee wakamwambia mume wangu kwamba sasa anaweza kumtazama. Akakohoa, akavua kofia, akageuka taratibu. Alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, na lile bawa hakulitupia hata jicho.

"Kumbe mmefanana hivi," akasema kwa sauti ndogo. "Macho, pua, hata huko kukunja uso."

Nilikuwa nalia, lakini hilo sikuweza kuliacha lipite.

"Uso wangu umeujulia wapi," nikamuuliza, "nami sina manyoya?"