Karani aliyeanza kuhesabu na moja

Saa moja kasoro robo asubuhi, karani wa kliniki ya macho ameshawasha kompyuta. Anasoma ujumbe mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kidole kwenye kioo, kabla haujaenda kwa mgonjwa. "Sifuri, moja, mbili," ananong'ona.

Muuguzi anayepita na trei anamtania: "Mama Sifuri, hata nyanya sokoni unahesabu hivyo?"

Karani anacheka, kicheko cha kuazima.

Jina hilo la utani lina mwaka mmoja. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, akijifunza kuandika programu katika darasa la jioni. Somo la wiki ya nne lilikuwa kukata kipande cha maandishi: unaiambia kompyuta ianzie nafasi ya ngapi, ichukue herufi ngapi. Alifurahi kama mpishi aliyepata kisu kipya.

Kliniki ilikuwa na wagonjwa tisini wa daktari mpasuaji, ambaye huja siku tatu tu kwa mwaka: tarehe kumi, kumi na moja na kumi na mbili Novemba. Kila kadi ilianza na tarehe, kisha mwezi: 1011, 1111, 1211. Akaandika programu ya kukata tarakimu mbili za mwanzo na kuwatumia wagonjwa kwa simu. Akaiambia ianzie nafasi ya moja.

"Tangu darasa la kwanza mimi naanza na moja," anasema. "Kumbe kompyuta nafasi ya kwanza inaiita sifuri. Mwalimu alisema, nami nikaitikia tu."

Aliijaribu kwa kadi ya 1111. Ikatoa 11. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka hayo akiwa na furaha?

Wa tarehe kumi waliambiwa waje tarehe 01, nayo imeshapita. Walipiga simu wakicheka, akawarekebishia mmoja mmoja, akidhani ni mtandao. Wa tarehe kumi na mbili waliambiwa 21. Tarehe hiyo ilikuwa bado mbele, hivyo hawakuuliza kitu.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili, benchi likawa tupu. Karani na muuguzi walipiga simu thelathini. Watu ishirini na tisa walifika. Simu ya bibi mmoja, mwenye presha ya macho, ilikuwa imeisha chaji. Jioni daktari akaondoka.

Tarehe ishirini na moja bibi akatokea na gauni lake la kutokea, wa kwanza mlangoni.

"Nimewahi, mwanangu," alisema.

Karani hakujua aweke wapi uso. Hospitali nyingine ilimpa bibi nafasi ya miezi minane mbele. Jicho la kushoto halikusubiri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo, kila Jumamosi karani huenda kumfulia bibi nguo. Bibi humtegea vitendawili, na kimoja kilimfanya ainamie beseni na kuzidi kufikicha nguo: "Madirisha yangu mawili, moja limejifunga."

Siku moja karani alimuuliza kama amemsamehe.

"Mimi nilikusamehe siku ileile," bibi akamjibu. "Jicho ndilo sijui. Halisemi."

Wiki ijayo mpasuaji anarudi, na zamu ni ya jicho la kulia. Programu imesharekebishwa, na bibi atapata ujumbe kama wengine. Lakini karani hautegemei. Ameomba ruhusa akalale kwa bibi usiku wa kuamkia upasuaji, ili asubuhi watoke pamoja, amemshika mkono.